Msasa, Mwanga na Mng'ao wa Metali

Mwenye kupita katika gereji za Gerezani, jijini Dar es Salaam, hakosi kumwona kijana aliyekaa juu ya kreti, kando yake kopo la maji ya sabuni, na magotini mwake kifuniko cha valvu kilichofunguliwa kutoka katika injini ya gari kuukuu. Kifuniko hicho ni cha alumini, lakini rangi yake ni ya majivu, na hapa na pale kina madoa meupe kama chokaa. Kijana hukisugua kwa msasa, hukisuuza, hubadili msasa, kisha hukisugua tena. Baada ya saa kadhaa uso wake huonekana ndani ya kifuniko kama katika kioo. Wapita njia husema kwamba kifuniko "kimepakwa mng'ao". Usemi huo umezoeleka, bali kisayansi ni kinyume cha kilichotendeka, maana hakuna kitu kilichopakwa. Kuna kitu kilichoondolewa, na katika makala haya tutajaribu kueleza ni kitu gani, na kwa nini kazi hiyo haina njia ya mkato.

Tuanze na ule ufifi wa rangi ya majivu. Alumini safi ikiguswa na hewa huungana na oksijeni mara moja, ikajifunika utando wa oksaidi wenye unene wa mikroni 0.002 hadi 0.004 hivi. (Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita.) Utando huo ni angavu kama kioo cha dirisha, tena huilinda metali iliyo chini yake, kwa hiyo hauwezi kuwa sababu ya ufifi. Wa kulaumiwa ni maji na chumvi. Upepo wa bahari huleta chembechembe za chumvi, na ioni za kloraidi zilizomo huupenya utando mahali palipo dhaifu. Hapo alumini huliwa, vishimo hutokea, na unga mweupe wa haidroksaidi ya alumini huota juu yake. Penye boliti ya chuma hali huwa mbaya zaidi, kwani metali mbili tofauti zikilowa maji ya chumvi hufanya seli ya umeme, na kati ya hizo mbili alumini ndiyo iliwayo.

Uso ulioliwa hivyo bado huakisi mwanga mwingi. Tofauti yake na kioo ni mahali mwanga unapokwenda. Kila mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba mwali huakisiwa kwa pembe ile ile uliyoingia nayo. Kanuni hiyo haivunjwi juu ya metali yenye mikwaruzo. Ila kila upande wa kila mkwaruzo umeelekea upande wake, na kwa hiyo miali hutawanyika huku na huku, wala haibebi tena sura ya kitu ilikotoka. Ili sura ionekane, vilima na mabonde ya uso wa metali lazima yawe madogo yakilinganishwa na urefu wa wimbi la mwanga, ambao ni mikroni 0.4 kwa rangi ya zambarau na 0.7 kwa nyekundu. Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, alitupatia kipimo chepesi: kwa mwanga unaoshuka wima, vilima visizidi sehemu moja ya nane ya urefu wa wimbi, yaani mikroni 0.07 hivi. Alumini iliyolainishwa kiasi hicho huakisi kwa mpango takriban asilimia 90 ya mwanga uonekanao.

Mwalimu anaweza kulithibitisha jambo hili darasani bila chombo chochote cha maabara. Chukua kipande cha alumini, ukisugue kwa msasa laini wa namba 1000 hivi bila kuking'arisha. Ukikitazama kutoka juu hutaona sura yoyote. Sasa kiinue hadi usawa wa jicho, ulaze uso wake karibu sambamba na mwelekeo wa kutazama, uelekee dirishani. Sura ya dirisha itatokea. Metali haikubadilika, ni pembe iliyobadilika. Mwanga unaoparaza uso kwa pembe ya nyuzi 5 tu huvumilia vilima vikubwa mara 11 kuliko mwanga unaoshuka wima. Mafundi hodari huitumia mbinu hii kila siku wanapotaka kujua kama uso umenyooka, japo hawaiiti kwa jina la Rayleigh.

Sasa tugeukie msasa wenyewe. Jina hili ni la mti ambao majani yake ni makavu na yenye kukwaruza, na ambao kwa majani hayo mafundi wa zamani walilainishia kazi zao za mbao. Katika karatasi ya msasa ya leo, kazi ya jani hufanywa na chembe za kabidi ya silikoni au za oksaidi ya alumini zilizogundishwa kwa gundi. Msomaji na asishangae kwamba alumini husuguliwa kwa oksaidi yake yenyewe. Metali ni laini, hali oksaidi ikiwa fuwele ni miongoni mwa vitu vigumu sana vijulikanavyo. Ni madini yale yale ambayo, yakiwa na kromiamu kidogo ndani yake, huitwa rubi na kuchimbwa kule Longido.

Namba ya msasa huwatatiza wengi kwa kuwa inakwenda kinyume: namba ikipanda, chembe hupungua ukubwa. Asili yake ni chekeche, kwani kadiri matundu yanavyokuwa mengi katika inchi moja ndivyo kila tundu linavyokuwa dogo. Katika mfumo wa Ulaya, ambao namba zake hutanguliwa na herufi P, chembe za P120 zina upana wa mikroni 125 hivi, za P400 mikroni 35, za P1000 mikroni 18, na za P2000 mikroni 10. Hata hizo za mwisho ni kubwa mno kuliko wimbi la mwanga. Ndiyo maana msasa peke yake hutoa uso laini wenye utusitusi, na hatua ya mwisho hufanywa kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia, ambayo chembe zake ni za mikroni moja au pungufu.

Je, haiwezekani kuruka kutoka P240 hadi kwenye dawa? Nililijaribu jambo hili mwenyewe nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo. Kazi yangu ilikuwa kuandaa vipande vya metali vya kutazamwa kwa hadubini, kazi isiyotofautiana na ya yule kijana wa Gerezani ila kwa ukubwa wa kipande. Jioni moja nilichoka, nikaziruka karatasi tatu, nikasugua kwa dawa hadi kipande kikang'aa kama kioo. Nilifurahi sana. Kisha nikakitia katika asidi hafifu, kama ilivyo desturi, ili mipaka ya fuwele ionekane. Badala ya fuwele ilijitokeza mikwaruzo yangu yote ya P240, imepangana kama matuta ya shamba. Nilianza upya.

Tukio kama hilo, mikwaruzo kufufuka baada ya asidi, ndilo lililomshughulisha mkemia wa Uingereza, Sir George Beilby, mwanzoni mwa karne ya 20. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1921 alishikilia kwamba kung'arisha hufanya ngozi ya metali itiririke kama kimiminiko na kuifunika mikwaruzo. Mwaka 1937 Bowden na Hughes walionekana kumuunga mkono: waligundua kwamba kitu chenye kiwango kikubwa cha kuyeyuka hung'arisha chenye kiwango kidogo, hata kama si kigumu zaidi yake, wakahitimisha kwamba joto la msuguano huyeyusha ncha za vilima. Nadharia hiyo ilipendwa kwa muda mrefu, nami nakiri kwamba ni nzuri kuisimulia. Lakini kuanzia miaka ya 1950 Leonard Samuels, mtaalamu wa metali wa Australia, alionyesha kwamba kwa kawaida chembe za dawa hukata, kama zikatavyo zile za msasa, ila unyoa wake ni mwembamba mno. Mikwaruzo iliyofufuka ilikuwa na maelezo mengine. Chembe ya msasa haikati tu. Huzikandamiza na kuzipinda fuwele zilizo chini ya mkwaruzo, na tabaka hilo lililojeruhiwa huenda chini kuliko mkwaruzo wenyewe. Asidi hula kwa haraka zaidi palipojeruhiwa. Ushahidi mwingine u mkononi mwa fundi: kitambaa anachong'arishia alumini huwa cheusi tititi. Weusi huo una alumini yenyewe, iliyokatwa vipande vidogo kiasi cha kuumeza mwanga badala ya kuuakisi.

Hesabu ndogo itaonyesha hasara ya kuruka hatua. Tuseme mkwaruzo una kina cha mikroni 10, na kila pito la msasa wa kati huondoa mikroni 0.5, ilhali pito la dawa huondoa 0.02. Kwa msasa mapito 20 yatatosha; kwa dawa yatahitajika 500, na mkono utakuwa umechoka zamani. Kwa hiyo kila namba ina wajibu mmoja tu, kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, na fundi hana budi kujua imekwisha lini. Dawa yake ni kugeuza mwelekeo wa kusugua kwa nyuzi 90 kila abadilipo karatasi. Mikwaruzo ya zamani itakatiza mipya, na ukiona hata mmoja uliokatiza, bado. Msasa ukunjiwe kipande cha mbao au mpira, kwa kuwa vidole vitupu huchimba mifereji. Maji ya sabuni husafisha unyoa usiizibe karatasi, nayo huzuia vumbi. Hilo la vumbi si dogo: rangi za zamani za magari huweza kuwa na risasi, na breki za zamani huweza kuwa na asbesto. Rangi kuukuu isisuguliwe kavu, na breki za namna hiyo zisisuguliwe kabisa.

Limebaki onyo moja, na ndilo linalowagharimu mafundi wachanga fedha za wateja. Bampa la gari la zamani hung'aa kwa kromiamu, na tabaka la kromiamu la mapambo huwa na unene wa mikroni 0.25 hadi 0.5 tu, juu ya nikeli ya mikroni 10 hadi 40 hivi. Chembe moja ya P2000 ni nene mara 20 au zaidi kuliko kromiamu yote. Fundi akiliona bampa lina madoa ya kutu akachukua msasa, kwanza hutokea umanjano wa nikeli, kisha chuma, na msimu wa mvua haupiti kabla kutu haijatapakaa. Madoa hayo yasuguliwe taratibu kwa karatasi ya alumini ya kufungia chakula iliyoloweshwa maji, ambayo ni laini kuliko kromiamu lakini hukomba kutu. Kabla ya kugusa chochote, weka sumaku: ikinasa, hiyo si alumini. Isiponasa, paka dawa kidogo mahali pasipoonekana, usugue kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikiwa cheusi, metali iko wazi na unaweza kuanza; kikibaki cheupe, kuna kromiamu, vanishi au tabaka jingine la kinga juu yake, na msasa uwekwe kando.