Upepo wa Kerio: Jinsi Marubani wa Parachuti Wanavyoamua Kuruka, na Wajibu wa Mkazi Wakitua Shambani

Kila kiangazi, hasa kati ya Januari na mapema Machi, anga ya Bonde la Kerio hujaa vyombo vya rangi vinavyoelea bila injini. Marubani wenyeji na wageni kutoka nchi mbalimbali hukusanyika kwenye ukingo wa ngema ya Elgeyo karibu na Iten, wakaruka kuelekea bondeni. Wakazi wamekuwa wakiuliza mambo mawili. Kwanza, mbona siku nyingine marubani hukaa ukingoni tangu asubuhi hadi jioni bila kuruka, ilhali jua linawaka? Pili, rubani akitua katika shamba la mtu, mwenye shamba afanye nini? Makala hii inajibu maswali hayo.

Chombo chenyewe

Wengi huita chombo hiki parachuti. Jina lake hasa ni paraglaida: bawa la kitambaa chepesi lisilo na fremu, lililofungwa kwa nyuzi nyembamba kwenye kiti cha rubani. Ndugu yake ni hangi-glaida, ambayo ina fremu ya alumini na rubani wake hulala kifudifudi. Parachuti ya kawaida hutumika kumshusha mtu salama, lakini paraglaida huweza kupanda juu zaidi ya mahali iliporukia na kusafiri kilomita nyingi.

Katika hewa tulivu, paraglaida husonga mbele takriban mita 8 hadi 10 kwa kila mita moja inayoshuka. Ili ikae angani kwa saa nyingi, lazima rubani atafute hewa inayopanda. Hapo ndipo Bonde la Kerio linapopata sifa yake.

Kwa nini Iten

Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya bonde iko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Ngema inaelekea mashariki, kwa hivyo jua la asubuhi huipiga moja kwa moja. Mawe na udongo hupata joto mapema, hewa iliyo karibu nayo huwa nyepesi na kuanza kupanda. Wakati wa kiangazi, upepo kutoka mashariki huvuka bonde, ukagonga ngema na kusukumwa juu. Rubani akipata nguvu hizo mbili kwa pamoja, hupanda kama tai.

Mfano wa tai unafaa, kwa sababu marubani huwatazama ndege hao. Tai au mwewe wakizunguka mahali pamoja bila kupiga mabawa, hapo pana mkondo wa hewa moto. Kisulisuli kinachoinua vumbi bondeni nacho huonyesha mahali mkondo unapoanzia, ingawa kikiwa kikubwa humaanisha hewa ina msukosuko ambao rubani aliye karibu na ardhi anapaswa kuukwepa. Moshi wa shamba linalochomwa huonyesha upepo unakotoka na nguvu yake.

Mbona siku nyingine hawaruki

Paraglaida huruka kwa mwendo wa takriban kilomita 35 hadi 50 kwa saa. Upepo ukikaribia mwendo huo, rubani hawezi kusonga mbele. Husimama angani au hata kurudishwa nyuma. Ndiyo maana siku ya jua kali na upepo mkali huwa siku ya kukaa chini.

Hatari nyingine ni upepo kugeuka. Ukianza kuvuma kutoka magharibi, yaani upande wa Eldoret, hupita juu ya Iten na kuporomoka nyuma ya ukingo, ukajiviringisha kama maji yanayopita juu ya jiwe mtoni. Bawa la kitambaa likiingia katika hewa hiyo huweza kukunjika. Kila rubani makini hubeba parachuti ya akiba, lakini karibu na ngema huenda kusiwe na nafasi ya kutosha ya kuifungua.

Saa nazo zina maana. Alasiri jua huhamia nyuma ya ngema, ukuta huingia kivulini na hewa baridi huanza kuteremka. Rubani aliyechelewa huweza kukosa hewa ya kumbeba hadi mahali salama pa kutua.

Kuna pia wingu la radi. Hewa inayopanda chini ya wingu hilo humvuta rubani juu hata akitaka kushuka. Februari 2007, karibu na Manilla nchini Australia, rubani wa timu ya Ujerumani, Ewa Wiśnierska, alivutwa na wingu la namna hiyo hadi karibu mita 10,000, akazirai kwa baridi na ukosefu wa hewa, na baadaye akafanikiwa kutua akiwa hai. Rubani mwingine aliyenaswa na dhoruba hiyo siku hiyo alifariki. Katika bonde letu, mawingu ya kwanza ya mvua ya masika huweza kukua kwa muda mfupi mchana, na kwa sababu hiyo marubani wengi hufunga msimu mvua inapokaribia.

Habari wanazopashana

Hakuna rubani mmoja anayeona bonde lote. Aliye Iten huuona upepo wa ukingoni. Aliye juu ya Tambach huuhisi mkondo wa hapo. Aliyekwisha kutua Biretwo anajua upepo wa chini ukoje. Kwa hivyo wanachama wa klabu huambiana kwa redio na simu: upepo unatoka wapi, una nguvu gani, mawingu yanakuaje, nani ametua na wapi. Kabla ya kuruka hulinganisha hayo na utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa.

Baada ya kutua hueleza safari ilivyokuwa, hasa pale mambo yalipoenda mrama. Rubani anayeficha kwamba bawa lake lilikunjika mahali fulani humwachia mwenzake mtego uleule kesho yake. Taarifa hizi huwafaa zaidi wageni, ambao hawajui waya za umeme zimepita wapi, ndovu wa Hifadhi ya Rimoi wako upande gani, wala sehemu za bonde ambazo wakati huo hazina usalama kwa sababu ya wizi wa mifugo.

Rubani akitua karibu nawe

Wakazi nao ni sehemu ya usalama huu. Zingatia yafuatayo:

• Wazuie watoto kukimbilia chombo kinapotua au kusogea ukingoni kinaporuka. Rubani hawezi kusimama ghafla.

• Usishike nyuzi wala kitambaa bila kuombwa. Upepo ukilijaza bawa tena, nyuzi huweza kukata vidole na bawa kumburuta mtu.

• Tazama bawa. Rubani aliye salama hulikusanya mara moja. Bawa likibaki limetandazwa na rubani hasogei, huenda anahitaji msaada.

• Rubani aliyeumia asiinuliwe wala kuvuliwa kofia na mtu asiye na ujuzi, kwa kuwa huenda ameumia shingo au mgongo. Piga simu 999 au 112, eleza mahali mlipo, na mtu mmoja asimame barabarani kuwaelekeza waokoaji.

• Akinaswa kwenye waya za umeme, kaeni mbali. Msimguse wala kugusa nyuzi zinazoning'inia, hata kwa kijiti, hadi Kenya Power ithibitishe kwamba umeme umekatwa.

• Akinaswa kwenye mwembe au mti mwingine, mwambie atulie huku msaada ukitafutwa. Wengi huumia wakati wa kushuka mtini.

Kuhusu mazao, rubani anatarajiwa kuchagua uwanja wazi au shamba lililokwisha kuvunwa, kupita pembeni anapotoka, na kumwona mwenye shamba. Iwapo mazao yameharibiwa, pigeni picha, hesabuni hasara pamoja, na mkikosa kuelewana pelekeni suala hilo kwa chifu au msimamizi wa wadi. Kumzuilia mgeni au vifaa vyake hadi alipe hugeuza hasara ya mistari michache ya mahindi kuwa kesi ya polisi.

Wakulima wanaopanga kuchoma masalia ya mazao, na wenye mifugo wanaolisha katika viwanja ambavyo marubani hutua mara kwa mara, wanaombwa kuwafahamisha wanaowapokea wageni hao Iten. Ujumbe mfupi wa asubuhi kwamba uwanja fulani una ng'ombe unatosha kumfanya rubani apange kutua kwingine kabla miguu yake haijaondoka ardhini.