Katuni inawezaje kuwa filamu ya hali halisi?



Juzi mwanafunzi wangu hapa Brussels aliniuliza, eti katuni inawezaje kuitwa filamu ya hali halisi ilhali hakuna kamera iliyoona kitu? Nikamtajia Jean-Michel Kibushi, Mkongo aliyefanya kazi na karakana ya Graphoui ya mji huu huu.

Kibushi alizaliwa mwaka 1957 Lubefu, Sankuru, kwa Watetela. Katuni yake ya 1991, chura anayekwenda ukweni, inatokana na ngano za kwao. Hiyo ni ngano. Lakini mwaka 1992 akatoa "Septembre noir". Tarehe 23 Septemba 1991 askari wa Mobutu, wamechoka na mishahara isiyotosha kitu, waliasi Kinshasa wakaanza kupora maduka na maghala, na raia nao wakaingia. Kibushi alichukua michoro ya watoto juu ya uporaji ule, akaitia mwendo.

Sasa bwana, nani angethubutu kumsogezea kamera askari mwenye bunduki mkononi na friji begani? Mtoto aliona, akakumbuka, akachora. Huo ni ushahidi.

Wala si jambo geni kwetu. Marehemu bibi yangu, kule Pangani, alikuwa akitusimulia mwaka wa nzige. Akitaka kutuonyesha walivyofunika jua, alitandaza kanga mbele ya taa ya chemli, chumba kizima kikawa kiza. Hatukumwuliza picha iko wapi. Alikuwapo, basi. Hali halisi inadai shahidi kwanza, kamera baadaye.

Ila kuna kitu ambacho filamu haina, nacho ni kiitikio. Bibi hakuendelea mpaka "Paukwa!" yake ijibiwe "Pakawa!", na ukisinzia anaanza upya (adhabu tamu kweli). Nilipowaonyesha wajukuu zangu katuni ya chura walitulia kimya, kwa adabu, kama wako sinema. Nikaisimamisha katikati nikasema, "Paukwa!" Yule mdogo akajibu, "Quoi?"

Tulicheka, lakini moyoni iliniuma. Tukaizima, nikawasimulia nzige wa bibi. Mdogo akaleta karatasi na kalamu za rangi, akaniuliza, "Babu, walikuwa wa rangi gani?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nikampigia dada yangu Pangani.