Vichekesho vya Sinema Bubu: Uzuri na Mipaka Yake

Makala haya yanaeleza kwa nini vichekesho vya sinema bubu, yaani za kabla ya sauti kuenea mwishoni mwa miaka ya 1920, huchekesha hadi leo, na vinakomea wapi.

Tuanze na mfano wa awali. Mwaka 1895 ndugu Lumière wa Ufaransa walionyesha sinema isiyofika dakika moja. Mtunza bustani anamwagilia maua. Kijana anakanyaga mpira wa maji, maji yanakatika. Mtunza bustani anachungulia mdomo wa mpira. Kijana anainua mguu, na maji yanamrukia usoni. Tunacheka kwa sababu tunajua jambo asilolijua mhusika. Katika fasihi tunaiita kinaya, nayo ndiyo mbinu inayotuchekesha Sungura anapomhadaa Fisi.

Waliofuata waliikuza sanaa hiyo kwa mwili. Charlie Chaplin alianza kumwigiza mzururaji wake mwaka 1914. Katika Steamboat Bill, Jr. (1928), ukuta mzima wa nyumba unamwangukia Buster Keaton. Anasalimika kwa kuwa amesimama mahali dirisha lililo wazi linapoangukia.

Hata hivyo, mipaka ipo. Kwanza, mzaha unaotegemea utata wa maneno, methali au lafudhi hauwezekani pasipo maandishi, na maandishi humtaka mtazamaji ajue kusoma na aijue lugha yenyewe. Kwa hiyo, kudai kwamba sinema bubu ni lugha ya walimwengu wote ni kutia chumvi.

Pili, kuna dhihaka za ubaguzi. Katika Seven Chances (1925), Keaton anatafuta mke kwa haraka, lakini anageuka mara anapoona kwamba mwanamke aliyemwendea ni mweusi. Aidha, mtumishi mweusi anaigizwa na mzungu aliyepakwa rangi. Dhihaka hiyo nayo haihitaji mkalimani.

Mwalimu afanyeje? Aitazame sinema hadi mwisho kabla ya kuipeleka darasani. Kisha autumie ukimya wake. Wanafunzi wenye lugha za kwanza tofauti wote wataelewa kisa cha bustani. Kazi yao ni kukisimulia kwa Kiswahili. Hapo watahitaji akakanyaga, akachungulia, akainua. Watahitaji pia kutofautisha kumwaga, kumwagika na kumwagiwa. Sinema imekaa kimya. Mwanafunzi ndiye atakayesema.