Kinga au Kiwambo? Jina la Ukuta wa Vigae Wenye Mianya

Katika majengo makubwa ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini umeenea ukuta wa nje wa namna ya pekee, ambao jina lake la Kiswahili halijatulia. Asili yake ni udongo wa mfinyanzi. Udongo husukumwa kwa mashine katika kinywa cha chuma, ukatoka kama bapa lenye matundu ndani, ukakaushwa, kisha ukachomwa kwa moto upitao digrii 1,000 za sentigredi. Vigae hivyo huweza kufungwa kiwandani juu ya fremu ya chuma au alumini, na paneli nzima ikainuliwa kwa kreni mahali pa ujenzi. Mfano ni Central Saint Giles, jijini London, kazi ya msanifu Renzo Piano iliyokamilika mwaka 2010, ambayo kuta zake zimevikwa vigae vya kung'aa vya kijani, manjano, machungwa na nyekundu.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni mianya. Viungo baina ya vigae havizibwi. Nyuma yake kuna nafasi ya hewa, na nyuma ya nafasi hiyo ndipo ulipo ukuta wa ndani usiopenywa na maji wala upepo. Mwaka 1963 G. K. Garden, wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, alieleza kanuni yenyewe: upepo uvumapo, hewa huingia mianyani hata msukumo wa nyuma ukakaribia kulingana na ule wa mbele, na hivyo maji hukosa nguvu ya kuyaingiza. Matone machache yapitayo huteremka kwa uzito wake, yakatoka chini.

Jina la Kiingereza limeundwa kwa mvua na kiwambo, na mfasiri mwenye haraka ataandika kiwambo cha mvua. Hapo ndipo penye hatari. Kiwambo chatokana na kuwamba, yaani kukaza ngozi juu ya ngoma. Kilichowambwa hakina mwanya. Fundi aliyeambiwa kiwambo ataona ni wajibu wake kuziba kila kiungo. Kisha ufa mmoja ukitokea utaingiza maji, na unyevu ulionaswa nyuma hautapata pa kukaukia. Ukuta usiopitisha maji ni jina baya zaidi, kwa kuwa laueleza ukuta wa ndani.

Kitenzi kukinga chafaa zaidi. Mtu hujikinga na mvua kwa mwavuli, na pia hukinga maji ya paa kwa ndoo. Kuzuia na kupokea hukutana katika neno moja, nayo ndiyo kazi ya ukuta huu. Na uitwe, basi, ukuta wa kinga. Kigae hakina ubishi, ingawa chaweza pia kuwa kipande cha chungu kilichovunjika. Terakota waachiwe wauzaji. Kwa kiungo kilicho wazi, ufa haufai, maana ufa ni kasoro. Mwanya, kama ule wa meno ya mbele, hakuna anayefikiri kuuziba.