Kuongeza ukubwa wa matairi na rimu za gari la umeme

Kuongeza ukubwa wa matairi na rimu za gari la umeme ni kuondoa magurudumu yaliyotoka na gari kiwandani na kufunga mengine yenye rimu kubwa au pana zaidi, matairi makubwa au mapana zaidi, au yote kwa pamoja. Wenye magari hufanya hivyo ili gari lipendeze, lishike barabara vizuri zaidi kwenye kona au liinuke kidogo kutoka ardhini. Badiliko hilo linawezekana pia kwa magari ya petroli na dizeli, lakini kwa gari la umeme athari yake huonekana haraka katika masafa, yaani umbali ambao gari huenda kwa chaji moja.

Vipimo vya tairi na rimu

Ukubwa wa tairi huandikwa ubavuni mwake. Katika 205/55R16, namba 205 ni upana wa tairi kwa milimita. 55 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo. R huonyesha kwamba tairi ni la radiali. Na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kutokana na namba hizo hupatikana kipenyo cha gurudumu zima: mara mbili ya kimo cha ubavu, kujumlisha kipenyo cha rimu (inchi moja ni milimita 25.4).

Rimu ina vipimo vyake pia:
- Upana, kwa mfano inchi 6.5.
- Idadi ya matundu ya boliti na kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu hayo.
- Kipenyo cha tundu la katikati, ambalo hukaa juu ya habu.
- Ofseti, ambayo huandikwa ET. Huu ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wa rimu unaogusa habu.

Kila saizi ya tairi ina upana wa rimu inayoruhusiwa. Tairi la 205/55R16 hufungwa kwenye rimu za inchi 5.5 hadi 7.5, na la 225/45R17 kwenye rimu za inchi 7 hadi 8.5. Tairi likivutwa juu ya rimu pana kupita kiasi, au likibanwa kwenye rimu nyembamba mno, halikai sawasawa barabarani na linaweza kuachia rimu.

Kipenyo na upana ni mambo mawili tofauti

Rimu kubwa haimaanishi gurudumu kubwa. Mtu anaweza kuongeza rimu na kupunguza ubavu wa tairi, na kipenyo cha gurudumu zima kikabaki karibu vilevile. Mfano ni Nissan Leaf ya kizazi cha kwanza, ambayo iliuzwa ikiwa na matairi ya 205/55R16 na katika matoleo mengine 215/50R17:
- 205/55R16: kipenyo cha mm 632
- 225/45R17: mm 634 (ongezeko la asilimia 0.4)
- 215/50R17: mm 647 (asilimia 2.4)
- 205/60R16: mm 652 (asilimia 3.2)
- 225/60R16: mm 676 (asilimia 7)

Mafundi wengi hufuata kanuni ya kutozidisha tofauti ya takriban asilimia 3 ya kipenyo cha awali. Orodha hiyo inaonyesha pia kwamba tairi la 225/45R17, ingawa ni pana zaidi na rimu yake ni kubwa zaidi, haliinui gari hata kidogo kwa kiasi cha kuonekana.

Kipenyo na upana vinaweza hata kwenda njia tofauti. Gari la umeme la BMW i3, lililoanza kuuzwa mwaka 2013, lilitumia matairi ya 155/70R19, ambayo kipenyo chake ni takriban mm 700 lakini upana wake ni mm 155 tu. Tairi la kipenyo kikubwa huviringika kwa urahisi zaidi, na wembamba wake hupunguza hewa inayosukumwa na gari.

Athari kwa masafa

Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati ya mafuta kwa njia ya joto. Mota ya umeme hupoteza kidogo sana. Kwa hiyo katika gari la umeme sehemu kubwa ya nishati inayotoka kwenye betri hutumika kushinda ukinzani wa hewa na ukinzani wa matairi kuviringika. Kitu chochote kinachoongeza ukinzani huo hupunguza masafa moja kwa moja.

Magurudumu makubwa na mapana huongeza ukinzani kwa njia nne:
- Tairi pana huongeza eneo la mbele linalopambana na hewa. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo hasara huonekana zaidi kwenye barabara kuu kuliko mjini.
- Rimu kubwa zenye nafasi wazi huvuruga hewa pembeni mwa gari. Ndiyo sababu Tesla Model 3 ilitoka kiwandani ikiwa na vifuniko bapa juu ya rimu zake za inchi 18.
- Matairi ya spoti, ambayo mara nyingi ndiyo hupatikana katika saizi pana, huwa na mpira laini unaonata, na huo hutumia nishati zaidi unapojipinda na kurudi.
- Rimu na tairi zikiwa nzito, hasa uzito ukiwa mbali na katikati ya gurudumu, nishati zaidi inahitajika kuzizungusha gari linapoondoka. Hasara hii hupungua kidogo kwa sababu mota hurudisha sehemu ya nishati kwenye betri gari linapopunguza mwendo.

Vipimo rasmi vya Marekani vinaonyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Tesla Model S Plaid ya mwaka 2021 ilipewa masafa ya kilomita 637 ikiwa na rimu za inchi 19, na kilomita 560 ikiwa na rimu za inchi 21. Gari na betri ni vilevile, lakini masafa yalipungua kwa takriban asilimia 12. Kipenyo cha magurudumu yote mawili kinakaribiana. Kilichobadilika hasa ni upana, umbo la rimu na aina ya tairi.

Katika Umoja wa Ulaya kila tairi jipya hubandikwa lebo inayoonyesha daraja lake la matumizi ya nishati, kuanzia A hadi E. Matairi mawili ya saizi moja yanaweza kutofautiana madaraja kadhaa, hivyo anayechagua tairi pana anaweza kupunguza hasara kwa kuchagua la daraja la juu.

Spidometa na hesabu ya kilomita

Gari huhesabu mizunguko ya magurudumu au ya mota, kisha huizidisha kwa mzingo wa tairi la kiwandani. Gurudumu likiwa kubwa, kila mzunguko hufika mbali zaidi kuliko gari linavyodhani. Nissan Leaf iliyorekebishwa kiwandani kwa tairi la 205/55R16, ikifungwa la 225/60R16, huenda takriban kilomita 7 kwa saa zaidi kwa kila 100 zinazohesabiwa. Kanuni ya 39 ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya hairuhusu spidometa kuonyesha mwendo ulio chini ya mwendo halisi. Spidometa nyingi huonyesha kidogo zaidi ya mwendo halisi, na ongezeko dogo la kipenyo humezwa na ziada hiyo. Ongezeko la asilimia 7 linaweza kuipita.

Hesabu ya matumizi ya umeme nayo hupotoka. Gari likionyesha kWh 16 kwa kilomita 100 baada ya kipenyo kuongezeka kwa asilimia 2.4, matumizi halisi ni takriban kWh 15.6, kwa kuwa limekwenda kilomita 102.4. Asiyefanya marekebisho hayo huona hasara kubwa kuliko ilivyo.

Magari mengi ya umeme yana gia moja tu. Gurudumu likikua kwa asilimia 7, nguvu inayosukuma gari barabarani hupungua kwa takriban asilimia 6.5, na dereva huhisi hilo anapoondoka au kupanda mlima.

Nafasi chini ya madigadi

Rimu ya inchi 8 ina milimita 38 zaidi ya rimu ya inchi 6.5. Ofseti ikibaki ileile, gurudumu huongezeka mm 19 kwa ndani, kuelekea shokomzoba, na mm 19 kwa nje, kuelekea madigadi. Ofseti ikipungua kwa mm 10, gurudumu lote husogea nje mm 10 zaidi. Kusogea huko huongeza mzigo kwenye beringi na kubadilisha hisia ya usukani.

Kipimo cha kweli hufanyika gari likiwa na abiria na mizigo, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kila upande. Tairi linalogusa plastiki ya ndani au bomba la breki linaweza kulikata, au lenyewe kuchanika likiwa mwendoni.

Uwezo wa kubeba mzigo

Betri hufanya magari ya umeme kuwa mazito kuliko ya petroli ya ukubwa huohuo. Baada ya saizi, tairi huwa na namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Namba 91 humaanisha kilo 615 kwa tairi moja, na 94 kilo 670. Herufi H humaanisha mwendo wa hadi km 210 kwa saa, na V hadi km 240. Tairi jipya halipaswi kuwa na namba ya mzigo iliyo chini ya ile iliyotajwa na mtengenezaji wa gari, hata likiwa pana zaidi. Rimu nayo ina kikomo chake cha mzigo, kinachohitaji kuangaliwa pamoja na cha tairi.

Tairi lenye ubavu mfupi lina hewa kidogo ya kupunguza mshtuko. Kwenye mashimo, rimu hupinda au kupasuka kwa urahisi zaidi.

Barabara mbovu na kuinua gari

Nissan Leaf zilizokwisha kutumika huingizwa Kenya kutoka nchi zenye usukani wa kulia, hasa Japani na Uingereza. Betri ya gari hilo iko chini ya sakafu, hivyo matuta na mashimo huwafanya wenye magari kutafuta matairi makubwa ili kuliinua. Faida yake ni ndogo: gari huinuka kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo. Kutoka 205/55R16 kwenda 205/60R16 huliinua kwa takriban mm 10, na 225/60R16 kwa mm 22, ambayo tayari inavuka kanuni ya asilimia 3. Faida nyingine ya 205/60R16 ni ubavu mrefu zaidi, unaolinda rimu kwenye mashimo.

Ufungaji

Gari la umeme huinuliwa kwa jeki kwenye sehemu zilizoonyeshwa na mtengenezaji tu, kwa sababu jeki ikiwekwa chini ya betri inaweza kuiharibu. Tundu la katikati la rimu likiwa kubwa kuliko habu, pete ya kuziba nafasi huwekwa ili gurudumu lisitetemeke. Vihisi vya upepo huhamishiwa kwenye rimu mpya, na nati hukazwa kwa kipimo kilichotajwa katika kitabu cha gari, kisha hukaguliwa tena baada ya kilomita chache.

Katika nchi kadhaa badiliko hili linahitaji kibali. Nchini Ujerumani, magurudumu yasiyo katika orodha iliyoidhinishwa kwa gari husika hukaguliwa na mtaalamu kabla ya gari kuruhusiwa barabarani. Kampuni ya bima nayo inapaswa kujulishwa, kwa kuwa inaweza kukataa kulipa ajali ya gari lililobadilishwa bila taarifa.