Chumba kwa Bei Nafuu, au Chakula Bila Malipo?

Mwezi wa saba unapowadia, shule za Kongo hufungwa kwa likizo kuu, na wazazi wengi wa Katanga huanza kujiuliza jinsi ya kuwafurahisha watoto wao. Ni majira ya baridi. Mvua hakuna, na barabara ni kavu. Jamaa za Likasi, Kolwezi na Kasenga hufunga mizigo na kuja Lubumbashi kutazama bustani ya wanyama, jumba la makumbusho, kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, na kile kilima cheusi cha masazo ya shaba kilicho kando ya bomba refu la tanuru. Wenyeji wa Lubumbashi nao hutamani kwenda mbali: wengine mbuga ya Kundelungu, ambako maji ya Lofoi huanguka kutoka kimo cha zaidi ya mita 300, wengine huvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kuona maporomoko makubwa ya mto Zambezi.

Asiye na ndugu huko aendako lazima atafute mahali pa kulala, na hapo ndipo mtego wa hesabu uanzapo. Nyumba moja ya wageni yamwambia: "Kaeni siku nne, tutawapunguzia bei ya chumba." Nyingine yamwambia: "Lipeni bei kamili ya chumba, nasi tutawalisha ninyi nyote bila malipo." Ipi yenye faida? Neno "bure" ni tamu masikioni, na wengi hulikimbilia pasipo kushika kalamu. Lakini wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, wasomaji wapenzi, tulifungue daftari pamoja.

Mfano wa Marekani

Swali hili si la Katanga peke yake. Huko Marekani, katika jimbo la Florida, karibu na mji wa Orlando, kuna mahali pa michezo panapoitwa Walt Disney World, palipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Pana viwanja vinne vikubwa vya michezo, pamoja na hoteli nyingi za kampuni yenyewe. Tangu mwaka 2005 wageni wa hoteli hizo waliweza kulipia milo yao yote mapema, pamoja na chumba. Kisha, katika miezi ambayo wageni ni wachache, kampuni ikaanza kutangaza kwamba atakayekodi chumba atapewa milo hiyo bila malipo. Mpango wa milo ulisimamishwa mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ukarudishwa mwezi Januari 2024.

Tazameni vizuri masharti ya tangazo hilo, maana ndiyo yanayotufundisha. Aliyetaka kula bure alipaswa kulipa bei kamili ya chumba, na kununua tiketi za kuingilia viwanjani. Aliyetaka kupunguziwa bei ya chumba hakupewa chakula. Kuchukua zawadi zote mbili kwa pamoja haikuruhusiwa. Tena mtoto wa miaka kumi alihesabiwa kuwa mtu mzima, na bahashishi ya mtumishi wa mezani haikuwa ndani ya zawadi.

Jamaa za huko zilipopiga hesabu ziliona jambo lililo wazi. Mtu na mkewe waliokodi chumba cha fahari walipata faida zaidi kwa kupunguziwa bei ya chumba. Lakini baba na mama wenye watoto wengi, waliojibana katika chumba cha bei ya chini, walipata zaidi kwa chakula. Sababu yake ni nyepesi: punguzo la chumba hukua pamoja na bei ya chumba, zawadi ya chakula hukua pamoja na idadi ya vinywa.

Hesabu ya jamaa moja

Sasa turudi kwetu. Katika Lubumbashi hoteli nyingi hutaja bei zake kwa dola, nasi tutafanya vivyo hivyo. Hesabu hii ni ya mfano tu. Kila mzazi aweke bei zake mwenyewe mahali pa zetu.

Tuseme jamaa ni watu sita: baba, mama, na watoto wanne wa miaka 14, 11, 7 na 2. Wahitaji vyumba viwili kwa siku nne, na kila chumba ni dola 100 kwa siku. Bei kamili ni dola 800. Wakipunguziwa asilimia 30, wataokoa dola 240.

Zawadi ya chakula je? Karatasi ya hoteli yasema kwamba milo ya siku ya mtu mzima ni dola 15, ya mtoto dola 8, na mtoto mchanga halipi. Baba, mama na watoto wawili wakubwa huhesabiwa watu wazima: dola 60. Mwenye miaka saba ni dola 8. Jumla ni dola 68 kwa siku, yaani dola 272 kwa siku nne. Baba asiye mwangalifu atasema: "272 ni zaidi ya 240, tuchukue chakula!"

Polepole, ndugu. Thamani ya zawadi si ile bei iliyoandikwa na mwenye kuitoa. Thamani yake ni fedha ambazo wewe ungetumia kweli kama usingepewa. Jamaa hii ikiwa peke yake isingekula hotelini mara tatu kwa siku. Asubuhi wangekunywa chai kwa mkate walionunua dukani. Mchana wangekula bukari na sombe katika mgahawa mdogo. Jioni wangenunua samaki wa kuchoma. Kwa yote wangetumia labda dola 35 kwa siku, yaani 140 kwa siku nne. Basi kwao zawadi ya chakula ni dola 140, na punguzo ni dola 240. Wakichagua kula "bure", watakuwa wamepoteza dola 100: fedha za kununulia vitabu na sare mwezi wa tisa, shule zinapofunguliwa.

Lakini geuzeni hesabu. Tuseme jamaa ile ile yapata chumba kimoja kikubwa, chenye vitanda vya kutosha, kwa dola 60. Asilimia 30 ya bei hiyo ni dola 18 tu kwa siku. Hapo hata chakula cha dola 35 kimezidi punguzo, na mzazi mwenye akili atachukua chakula.

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu waikumbuke kanuni hii fupi: punguzo unaloliacha ndilo bei ya chakula chako cha "bure". Katika mfano wa kwanza jamaa iliacha dola 60 kwa siku. Basi swali la haki ni hili: je, tungekubali kutoa dola 60 mfukoni kila siku kwa chakula hicho? Kama jibu ni hapana, chakula hicho si bure, ni ghali.

Posho: somo la wazee wetu

Watu wa Katanga walilijua swali hili zamani, kabla ya hoteli za Florida kujengwa. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba hapa Lubumbashi mwaka 1911, mji ulipokuwa ukiitwa bado Élisabethville. Mwanzoni wafanyakazi wengi walikuja kwa muda mfupi na kurudi kwao. Tangu miaka ya mwisho ya 1920 kampuni ilianza kuwakalisha kambini pamoja na wake zao na watoto wao. Mfanyakazi alipata mshahara wa fedha, nyumba, na posho: unga, nyama au samaki, maharagwe, mafuta, chumvi. Posho ilifuata idadi ya watu wa nyumbani. Mke alihesabiwa, na watoto walihesabiwa.

Hapo twaona kanuni ile ile. Kijana asiye na mke alipata posho ndogo, naye angependelea fedha zaidi mkononi. Baba wa watoto sita alipata posho kubwa, na kwake posho ilikuwa kama mshahara wa pili. Kazi yao ilikuwa moja, lakini zawadi haikuwa na uzito mmoja.

Posho ilikuwa na nguvu nyingine, iliyoonekana baadaye. Kampuni ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967, na kisha ikajulikana kwa jina la Gécamines. Wafanyakazi wakaendelea kupewa unga. Ikaja miaka ya 1990. Mwezi Oktoba 1993 serikali ya Zaire ilitoa fedha mpya, na zaire mpya moja ikawa sawa na zaire za zamani milioni tatu. Hata hivyo bei hazikutulia. Mwaka 1994 zilipanda kwa maelfu ya asilimia. Mshahara uliopokewa asubuhi ulikuwa umepungua kabla ya jua kuchwa. Lakini gunia la unga lilibaki gunia la unga. Fedha inapokuwa mgonjwa, chakula ni zawadi yenye afya kuliko fedha.

Posho ilikuwa na udhaifu pia: yatoka katika mkono mmoja. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990. Shaba ya Gécamines, iliyokaribia tani 500,000 mwaka 1986, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mkono ulipofumba, nyumba nyingi ziliona njaa, maana zilikuwa zimezoea kulishwa. Wake wakaingia sokoni kuuza, wengine wakalima pembeni mwa mji. Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa kupewa fedha za mara moja. Hapo wengi walipokea fedha nyingi kwa siku moja baada ya miaka mingi ya posho, na kuzipangia matumizi lilikuwa jambo gumu kwa wasiolizoea. Basi atoaye chakula hukuondolea shida ya kupanga. Lakini huenda akakuondolea pia mazoea ya kupanga.

Mambo yasiyoandikwa kwenye tangazo

Kabla ya kuchagua, yafaa kuuliza maswali machache. Je, chakula huliwa kwa saa maalumu? Kama ni hivyo, watoto waliokwenda kuona simba wa bustani ya wanyama watarudishwa kabla ya wakati, au mlo utapotea. Je, vinywaji vimo? Mara nyingi havimo, na maji ya chupa kwa watu sita kwa siku nne si kitu kidogo. Je, mtoto akiugua na kukataa kula, fedha zitarudishwa? Aghalabu hazirudishwi. Tena punguzo ni la siku zote, au la siku ambazo wageni ni wachache tu?

Kuna jambo jingine ambalo wageni wa Florida hawalijui sana. Sisi tukifika mji wa watu, shangazi huja kutuamkia, na binamu huja na watoto wake. Ni aibu kwetu kula mbele ya mgeni bila kumkaribisha. Chakula cha bure cha hoteli kina majina na hesabu, shangazi hayumo. Sahani yake italipwa kwa bei ya karatasi. Jamaa yenye ndugu wengi mjini yafaa ichague punguzo, ikale nyumbani kwa ndugu, na kuwapelekea mfuko wa unga na mafuta.

Hata hivyo tusifanye kila kitu kuwa namba. Mama wa nyumba hupika siku zote za mwaka. Kama siku nne za kuketi mezani na kuletewa sahani ndiyo pumziko lake la pekee, baba asizihesabu kwa dola tu. Na kama baba mwenyewe ajua kwamba fedha zilizookolewa kwenye chumba zitaishia kwenye chupa za bia, basi ni heri achague chakula, ambacho watoto watakila kweli. Kila jamaa ijijue udhaifu wake.

Twashauri hivi: kabla ya likizo, baba na mama wakae pamoja jioni moja, na mtoto mkubwa ashike kalamu. Andikeni idadi ya watu, umri wa kila mtoto, bei ya chumba, na fedha ambazo mngetumia kweli kwa chakula. Linganisheni na punguzo. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na mtoto atakayeifanya atakuwa amejifunza asilimia vizuri kuliko kwa mazoezi ya ubaoni. Kisha fungeni mizigo, mwende kwa furaha. Na atakayewauliza kwa nini hamkuchukua cha bure, mwonyesheni daftari.