Nyumba kupigwa mnada Johannesburg: kimya cha mdaiwa ndicho hasara yake

La Rochelle ni kitongoji cha kusini mwa Johannesburg. Zamani kilijulikana kwa wakazi wenye asili ya Ureno. Leo kina wahamiaji wengi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Kwa ndugu zetu walionunua nyumba huko kwa mkopo wa benki, swali moja ni zito: mkopo ukikwama na nyumba ikapelekwa mnadani, itauzwa kwa haki?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa chungu. Sherifu wa mahakama aliitisha mnada bila kiwango cha chini cha bei, na aliyetaja bei ya juu, hata kama ni ya kutupa, aliondoka na nyumba. Mwenyewe alipoteza paa na bado akadaiwa salio.

Katika kesi ya Jaftha, iliyoamuliwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2004, mama mmoja alikuwa amekopa randi 250 tu. Nyumba yake iliuzwa kwa randi 5,000. Mwenzake alidaiwa randi 190 za mboga; nyumba ikaenda kwa randi 1,000. Mahakama ikaamuru kwamba nyumba ya mtu isiuzwe kabla mazingira yote hayajapimwa. Mwaka 2011, katika kesi ya Gundwana, ikasema pia kwamba uamuzi huo ni wa jaji, si wa msajili.

Desemba 2017 ikaanza kutumika Kanuni ya 46A, inayoipa mahakama uwezo wa kupanga bei ya chini. Mwaka 2018 majaji wa Mahakama Kuu mjini Johannesburg, katika kesi ya Absa dhidi ya Mokebe, wakasema bei hiyo ipangwe isipokuwa kuna sababu za kipekee. Isipofikiwa mnadani, suala hurudi mahakamani.

Je, ugomvi umekwisha? Hapana. Mabenki yanasema bei ikipangwa juu mno wanunuzi hukimbia, huku riba ikizidi kupanda. Wadaiwa nao wanalalamika kuwa makadirio ya thamani ni madogo.

Nyumbani Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki huchukuliwa kuwa imekiuka wajibu wake, mpaka ithibitishe vinginevyo. Lakini hapo nyundo imeshagonga. Afrika Kusini kinga huwekwa kabla ya mnada, na ndiyo maana mdaiwa asinyamaze.

Jaji huangalia thamani ya soko, makadirio ya manispaa na madeni yaliyopo. Mdaiwa asipofika, jaji hubaki na karatasi za benki peke yake. Ukilipa malimbikizo na gharama halali kabla nyumba haijauzwa, mkopo unaweza kurudi katika hali yake.

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Hatubishi. Lakini Katiba ya Afrika Kusini inampa "kila mtu" haki ya makazi, mgeni naye akiwamo. Ndugu, barua ya mahakama ikifika, usiifiche chini ya godoro.